Kuhamisha Hifadhi ya Programu Huria: Kisa cha PHP, 2021

Neno "kuhamisha", linapotumiwa kuhusu programu za kompyuta, laweza kumpotosha msomaji. Mtu anayehamisha maktaba hubeba vitabu kutoka jengo moja hadi jingine, na jengo la kwanza hubaki tupu. Hifadhi ya programu haihami kwa namna hiyo. Maandishi yake huwa tayari yamo katika kompyuta za watu wengi kabla siku ya kuhama haijafika. Kinachohamishwa ni kitu kingine, na kisa cha PHP kinaonyesha kitu hicho ni nini.

PHP ni lugha ya kuandikia programu, hasa zile zinazoendesha tovuti. Ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyeitoa kwa umma mwaka 1995. MediaWiki, yaani programu inayoibeba Wikipedia pamoja na ile ya Kiswahili, imeandikwa kwa PHP. Vivyo hivyo Moodle, ambayo vyuo vikuu vingi duniani huitumia kutolea masomo. Hitilafu ndani ya PHP si jambo la mafundi peke yao.

PHP ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo mwanadamu huyaandika kabla mashine haijayatekeleza, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili na kuurekebisha kwa matumizi yake. Lakini kusoma ni haki ya wote, ilhali kuandika katika nakala rasmi ni haki ya wachache waliokubaliwa. Hapo ndipo penye uzito.

Tangu mwaka 2012 msimbo wa PHP unatunzwa kwa Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Katika Git, kila mshiriki huchukua nakala nzima pamoja na historia yake yote: nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani. Kila badiliko hupewa alama ya herufi na tarakimu 40, inayopatikana kwa kukokotoa maudhui yake pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Herufi moja ikibadilishwa katika badiliko la kale, alama yake hubadilika, na alama zote zinazofuata hubadilika pia. Wanaohakiki miswada ya tenzi wanajua taabu ya kulinganisha nakala mbili ubeti kwa ubeti ili kubaini mahali mnakili alipoteleza au alipoongeza la kwake. Git huifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo Git haiyaamui. Kwanza, haisemi ni nakala ipi iliyo rasmi. Hilo huamuliwa na watu. Pili, haithibitishi kwa yenyewe jina la mwandishi. Mtu akijiandika kwa jina la mwingine, Git hulipokea jina hilo, kama vile karatasi inavyopokea sahihi yoyote. Seva yenye nakala rasmi hukagua tu kama anayeingia ana ruhusa ya kuingia.

Tarehe 28 Machi 2021 pengo hilo lilitumiwa. Wakati huo nakala rasmi ilikuwa katika seva ya mradi wenyewe, git.php.net, na nakala iliyokuwa GitHub ilikuwa kioo tu. Badiliko moja liliingizwa kwa jina la Lerdorf, likidai kusahihisha kosa dogo la tahajia. Nikita Popov, mmoja wa watunzaji wakuu, alilifuta. Likarudishwa, safari hii kwa jina la Popov mwenyewe! Maudhui yake hayakuhusu tahajia hata kidogo. Ulikuwa mlango wa siri: mtu yeyote atakayeipelekea tovuti ombi lenye neno fulani mahali fulani, angeweza kuifanya seva ya tovuti hiyo itekeleze amri zake.

Udanganyifu huo uligunduliwa baada ya saa chache, kwa kuwa washiriki wana desturi ya kusoma kila badiliko linaloingia. Haukufika katika toleo lolote lililotolewa kwa umma.

Uamuzi wa kuhama ulifanywa papo hapo, kabla uchunguzi haujakwisha. Wahusika walidhani kwamba seva ya git.php.net ndiyo iliyovunjwa, wakaona kuwa kuitunza seva yao wenyewe ni hatari isiyo ya lazima. Siku chache baadaye, mwezi Aprili, Popov alieleza kwamba dhana hiyo ilikuwa imebadilika: yaelekea kilichovuja ni orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri, iliyokuwa katika seva nyingine, master.php.net. Seva hiyo iliendesha programu za zamani mno. Maneno ya siri yalihifadhiwa humo kwa njia ya MD5, ambayo kwa kompyuta za leo huvunjwa upesi. Tena, git.php.net ilikubali watu waingie kwa neno la siri tu, bila ufunguo wa ziada, na mvamizi aliingia baada ya kubahatisha majina machache ya watumiaji. Kwa hiyo seva iliyoachwa si ile iliyokuwa na kosa kubwa zaidi. Hata hivyo uamuzi haukuwa wa bure, maana mlango wenyewe ulikuwa dhaifu.

Uhamisho wa msimbo ulikuwa sehemu nyepesi. Mwaka 2009, PHP ilipotoka katika CVS kwenda Subversion, na mwaka 2012 ilipoingia Git, chombo chenyewe kilibadilishwa na historia ikabidi igeuzwe umbo. Safari hii chombo kilibaki kilekile. Kioo kilitangazwa kuwa nakala rasmi, git.php.net ikaachwa kuwa ya kusomwa tu, na kila mshiriki akaelekeza kompyuta yake kwenye anwani mpya kwa amri moja.

Sehemu ngumu ilikuwa ruhusa. Mradi ulikuwa na utaratibu wake wa kugawa haki ya kuandika, uliojulikana kwa jina la karma. Utaratibu huo haukuweza kubebwa. Ilibidi wenye haki ambao bado hawakuwa katika kundi la PHP ndani ya GitHub waombe kuandikishwa humo, na kila mwanachama alilazimika kuthibitisha utambulisho wake kwa njia mbili badala ya neno la siri peke yake. Orodha ya watumiaji nayo ilihamishiwa katika seva mpya, main.php.net, maneno yote ya siri yakabatilishwa, na mapya yakahifadhiwa kwa bcrypt, njia ambayo kwa makusudi huchukua muda kukokotolewa ili mwenye kubahatisha achoke.

Mradi ulipata ulinzi ambao watu wachache wanaojitolea wasingeweza kuujenga, lakini sasa mlango wake uko mikononi mwa kampuni: GitHub ni mali ya Microsoft tangu 2018. Google iliifunga huduma yake ya namna hiyo, Google Code, mwezi Januari 2016. Na mwaka 2019 GitHub yenyewe iliwawekea vikwazo watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea kwa kufuata sheria za Marekani. Wale wa Iran walirudishiwa huduma mwaka 2021. Waliozuiwa hawakupoteza msimbo uliokwisha kuwa katika kompyuta zao. Walichokosa ni mahali pa kukutania na wenzao.

Mwishoni mwa 2021 taarifa mpya za hitilafu za PHP nazo zilianza kupokelewa GitHub. Hizo ni tofauti na msimbo: mazungumzo ya watu kuhusu kasoro, mapendekezo na majibu yake hayamo ndani ya Git, wala hayanakiliwi pamoja na msimbo katika kompyuta ya kila mshiriki. Siku PHP itakapohama tena, hayo ndiyo yatakayohitaji kubebwa kama mizigo.