Mkuyu na Jina Lake

Mkulima wa bonde la Mkondoa hana haja ya kufundishwa mkuyu ni mti gani. Gome lake la manjano, utomvu wake mweupe kama maziwa, na makuyu yashikamanayo vichala kwa vichala juu ya matawi makubwa, hayo yote ayajua tangu utoto.

Hata hivyo jina lake limemtia hasara mtu ninayemfahamu. Alikuwa na mikuyu mitatu ukingoni mwa mto, chini ya Kilosa. Mwanawe alisoma katika kitabu cha Kiingereza habari za mti uitwao sycamore, ya kuwa mbao zake ni ngumu, nazo hufaa kwa meza na hata kwa fidla. Akatazama kamusi, akaona sycamore maana yake ni mkuyu. Basi baba akaikata miwili. Mbao zile zikaliwa na wadudu kabla ya mwaka kwisha. Na masika ya pili mto ukamega ukingo pale palipokatwa, ukachukua mahindi yake upana wa hatua kumi.

Kamusi haikusema uongo. Neno hilo asili yake ni Kiyunani: sykon ni tini, na moron ni tunda la mforosadi, kwa kuwa mkuyu huzaa kama mtini na majani yake hufanana na ya mforosadi. Ndio mti aliopanda Zakayo huko Yeriko, na ndio alioutunza nabii Amosi. Lakini Waingereza, ambao kwao mkuyu haumei, walilitwaa jina hilo wakaupa mti wao mwingine kabisa, usiozaa tini. Na watu wa Marekani wakaupa wa tatu. Linnaeus alipouandika mti wetu mwaka 1753 aliuita Ficus sycomorus. Kwa jambo hili msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza, maana asomapo habari za Zakayo huuona mti wenyewe.

Mbao za mkuyu ni nyepesi na laini. Zafaa mizinga ya nyuki, vinu na ngoma. Wamisri wa kale walifanyia majeneza, lakini nchi yao ni kavu.

Maua yake yamo ndani ya kuyu, na nyigu mdogo sana huingia humo kuyachavusha. Huko Misri nyigu huyo hayupo, ndiyo sababu watu walipanda mikuyu kwa vipande vya matawi. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo: kata tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, uache utomvu ukauke, ulichimbie mvua zianzapo.

Walioona mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 wajua nguvu ya mto ule. Sisemi mikuyu ingaliyazuia. Nasema mizizi yake hushika udongo, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli ziwezazo kuharibu ukingo ndani ya mita 60.

Mikumi nayo ina jina la mti, yaani mkumi, jamii ya mnazi. Mkuyuni iko Morogoro, tena iko Mwanza.

Yule kijana alikata vipande sita katika mkuyu uliosalia. Vinne vimeshika.