Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Muziki wa Tamasha la Sauti za Busara

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpenzi msomaji, methali hii hutumiwa sana kwa watu, lakini leo nitaitumia kwa nyimbo. Hapa shuleni wengi wetu tukisikia wimbo wa lugha tusiyoielewa tunasema ati hizo ni kelele, na redio inazimwa mara moja. Katika makala haya nitaeleza jinsi tamasha moja la Unguja linavyotuonyesha kwamba hasara ni yetu.

Tamasha lenyewe ni Sauti za Busara. Lilianza mwaka 2004 na hufanyika mwezi wa Februari katika Mji Mkongwe, hasa ndani ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno. Kuta za vita sasa huzunguka jukwaa la muziki. Usiku mmoja mtu anaweza kusikia taarab, kisha ngoma za bara, kisha magitaa ya Afrika Magharibi. Sharti ni kwamba kila msanii apige na kuimba papo hapo. Kufungua mdomo tu huku kanda ikiimba hakuruhusiwi.

Chukua mfano wa Cheikh Lô, ambaye amewahi kupanda jukwaani hapo. Yeye ni Msenegali aliyezaliwa Burkina Faso mwaka 1955, na nyimbo zake nyingi ni za Kiwolofu. Utasema, Kiwolofu nitakielewa wapi? Lakini tega sikio, utasikia ndani yake rumba ya Kongo, ile ile waliyoicheza babu zetu. Rumba nayo ina safari yake. Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani walienda na midundo yao. Katika miaka ya 1930 na 1940 santuri za Kuba zikafika Kongo, na wanamuziki wa huko wakaziiga kwa magitaa. Basi mdundo ulivuka bahari ukarudi nyumbani umevaa nguo nyingine.

Taarab tunayoiita yetu ni vivyo hivyo. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri akauleta katika kasri lake. Siku hizo uliimbwa kwa Kiarabu. Baadaye Siti binti Saad aliuimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Udi na kanuni vilitoka kwa Waarabu, fidla kwa Wazungu, maneno ni yetu. Kama wazee wangesema hizo ni kelele za wageni, leo tungekuwa na taarab gani?

Sasa, mtu asikilizeje wimbo ambao lugha yake haijui? Kwanza, achague ala moja, tuseme ngoma, aifuate mpaka mwisho. Pili, amtafute kiongozi na waitikiaji, maana hata nyimbo zetu za harusi huenda hivyo. Tatu, aulize ala ile ni nini na ilitoka wapi. Kora ya Afrika Magharibi, kwa mfano, ni kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi, chenye nyuzi 21. Ukishajua hayo, sikio linafunguka lenyewe.

Jambo hili si la mchezo. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu ya ukosefu wa fedha, likarudi 2017. Muziki wa papo hapo ni ghali: bendi ya watu 10 yataka nauli za watu 10. Isitoshe, kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuijua ni kazi ya miaka. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba katika tamasha hilo akiwa ajuza. Je, nani atashika ngoma yake ikiwa sisi vijana tunataka muziki wa kubonyeza tu?

Napendekeza chama chetu kitenge kipindi kimoja kila muhula cha kusikiliza muziki wa lugha tusiyoijua, kisha tuujadili kwa Kiswahili. Shime wanachama! Na atakayesema ni kelele, atuambie kwanza amesikia ala ngapi.