Kioo cha Taa, Mmea na Njia ya Maji

Nyumba nyingi za zamani mijini zinakarabatiwa, na dari za mbao zinapoipisha jipsamu na taa ndogo za LED, vioo vya taa vya enzi zile hushushwa na kutupwa nje pamoja na kifusi. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita hung'oa shaba na minyororo, kioo anakiacha palepale. Hasara tupu, maana kioo hicho kinafaa sana kuning'inizwa barazani kikiwa na mmea ndani yake. Ila wengi wanaojaribu huona mmea umekufa mapema, kisha lawama zote humwendea aliyewauzia mche. Mimi huwauliza jambo moja tu: maji yalikuwa yanatokea wapi?

Chungu cha udongo hunywa maji na kuyatoa kwa kuta zake. Kioo hakinywi hata tone. Unachomimina kitaondoka kupitia majani, au kitakauka juu ya udongo, au kitachuruzika chini kama pana tundu. Pasipo tundu, mizizi hukaa majini, hukosa oksijeni na kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kupandisha maji, kwa hiyo majani hulegea kana kwamba mmea una kiu. Mwenyewe akiona hivyo huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Basi kabla hujakipenda kioo kwa sura yake, kigeuzegeuze utazame matundu. Vioo vya umbo la kengele ndivyo nivipendavyo mimi. Vilikuwa vikining'inia mdomo chini, shingo imebanwa kwenye kishikio cha balbu. Katika taa za Kiingereza tundu la shingoni lina upana wa karibu milimita 29. Katika taa za Ulaya bara, karibu milimita 42. Pindua kengele, mdomo uangalie juu, na tundu la balbu limekuwa njia ya maji bila wewe kutoboa chochote. Tandika kipande cha wavu wa mbu na fumba la makumbi ya nazi ili udongo usimwagike. Mabakuli ya minyororo mitatu nayo mara nyingi huwa na kitundu katikati, kilichopitisha skrubu ya pambo. Kinatosha.

Kazi ipo kwa tufe lenye mdomo mmoja. Fundi hodari anaweza kulitoboa kwa biti ya almasi, drili ikizunguka polepole, bila kugongesha, maji yakidondoka muda wote ili kioo kisipate joto na vumbi lake lisipae kuingia mapafuni. Lakini kipo kioo kilichokazwa kwa joto kiwandani, cha jamii ya vile vya milango ya magari, ambacho hakitoboki: ukikigusa na biti hupasuka chote kikawa punje. Kama huna hakika ni cha aina gani, acha. Tafuta tufe ambalo mdomo wake unapitisha chungu kidogo cha plastiki chenye matundu, uwe unakitoa kukimwagilia maji, kinachuruzika, kisha unakirudisha.

"Si nitaweka changarawe chini?" Hili nimeambiwa na watu wengi, hata wauza miche. Changarawe haisaidii kama inavyodhaniwa. Vinafasi vidogo vya udongo hushika maji kwa nguvu kuliko nafasi pana za changarawe, kwa hiyo maji hayashuki mpaka udongo ulio juu yake uwe chepechepe. Lowesha sifongo ya jikoni, uiweke juu ya kokoto: itadondosha kidogo, kisha itatulia ikiwa bado imejaa. Udongo hufanya vivyo hivyo. Katika kioo kifupi, tabaka la kokoto linapunguza tu nafasi ya mizizi na kulisogeza tope karibu nayo.

Kinachosaidia ni udongo wenyewe kuwa mwepesi. Mimi huchanganya sehemu mbili za makumbi yaliyokatwakatwa na sehemu moja ya mboji, na mkaa uliopondwa kidogo. Ukipata makumbi kwa wanaosokota kamba, yale yaliyofukiwa kwenye matope ya ufukweni, yasuuze mara kadhaa, maana yamekunywa chumvi ya bahari. Maji ya kisima chenye chumvi nayo yataacha utando mweupe kwenye kioo. Huo hutoka kwa siki au ndimu. Kioo chenye maua ya rangi ya kupakwa usikipandie kotimiri wala mnanaa, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi.

Wapo wanaopenda kukiachia kioo maji matupu na kipande cha mmea kilichotumbukizwa. Kinapendeza, ila Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, hutafuta vyombo vya namna hiyohiyo. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji kila wiki hakutoshi. Sugua na kuta.

Kuhusu mmea, kwenye kioo cheupe kisichoonyesha ndani ningeweka Saintpaulia. Asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, aliupeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina hilo. Leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na barazani kwetu ni nadra kuuona! Porini hukaa kwenye miamba yenye kivuli na udongo haba, kwa hiyo bakuli dogo linautosha. Usiende kuung'oa msituni. Jani moja la mmea wa jirani, likichomekwa udongoni na kikonyo chake, huota. Kioo angavu kipe mmea mgumu zaidi, kwa sababu mwanga utaotesha mwani wa kijani ndani yake. Tufe angavu lenye maji lisipigwe na jua kali kamwe: hukusanya miale na linaweza kuunguza kitambaa.

Halafu uzito. Bakuli la nusu tufe lenye upana wa sentimita 25 hubeba takriban lita 4. Udongo wa kawaida uliolowa, pamoja na kioo na mnyororo, unakaribia kilo 8. Jipsamu haibebi mzigo huo, wala waya wa taa haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Kulabu iingie kwenye mbao ya kenchi au kwenye zege, mbali na taa yenye umeme. Mnyororo usigusane na kioo moja kwa moja. Weka mpira au ngozi katikati, na skrubu zikazwe kwa vidole tu. Kabla ya kukipandisha, kigonge kwa ukucha: kikilia kwa sauti butu, kina ufa. Kulabu nayo ijaribiwe kwa ndoo yenye lita 15 za maji, ilale hapo usiku kucha bila mtu kupita chini yake.