Kutarmac Malindi na Kilifi: Vitu Ningeambiwa Kabla Nipoteze Miezi Sita na Ngiri Mbili

Kuna Mei moja nilikuwa narauka saa kumi na moja asubuhi, napiga pasi shati langu la pekee, nashika bahasha ya kaki na kuanza safari ya mguu kutoka kejani hadi Casuarina. Geti baada ya geti. Jibu lilikuwa lile lile: "Kijana, rudi mwezi wa saba." Nikadhani wananichorea. Kumbe askari walikuwa wananipea ukweli bure, ni mimi sikuwa najua kusoma kalenda ya kwetu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Sina digrii ya kukuonyesha. Lakini nimetarmac hii barabara ya Mtwapa, Kilifi, Watamu hadi Malindi mpaka viatu vikaomba msamaha. Kama uko kwa lami saa hii, soma hii kwanza kabla uchapishe CV ingine.

1. Pwani ina kalenda yake

Mboka nyingi huku zinafuata watalii, na watalii wanafuata hali ya hewa. Aprili hadi Juni ni masika, bahari imechafuka na hoteli nyingi zinapunguza watu au kufunga kabisa. Kuanzia Julai mambo yanarudi, Agosti Waitaliano wanajaa. Halafu tena Desemba hadi Pasaka.

Sasa angalia vile wengi wetu tunafanya. Tunangoja tuone watalii barabarani ndo tupeleke barua. Hapo umechelewa buda, meneja ashajaza nafasi. Peleka barua Juni na Novemba, wakati wanapaka rangi na kuosha swimming pool. Hata kama wanataka mtu wa kibarua wa kupaka rangi, ingia. Mtu ambaye tayari wanamjua ndo anaitwa wa kwanza wakianza kutafuta wahudumu.

Na Aprili je? Hiyo ndo miezi ya kujifunza kitu na kupanga makaratasi. Usiimalize ukilalamika kwa baraza.

2. Hoteli si kazi peke yake

Tumezoea kudhani Kilifi ni bichi tu. Fungua macho kidogo. Gongoni na Marereni kuna mashamba makubwa ya chumvi. Vipingo kuna katani. Mariakani kuna viwanda, ikiwemo mabati. Kilifi mjini kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na penye wanafunzi wengi pana hosteli, saiba, vinyozi na vibanda vya chakula vinavyotaka mikono.

Halafu kuna ile mboka hakuna mtu huiweka kwa tangazo: villa. Malindi na Watamu zimejaa nyumba za wageni ambao huja miezi michache kwa mwaka. Kila moja inataka mpishi, mtu wa shamba, mtu wa pool, mtu wa kufua na fundi wa stima akiitwa. Hizo kazi zinapita kwa mdomo. Msimamizi mmoja wa nyumba anaweza kuwa anaangalia villa kadhaa. Mjue huyo, akujue, na usimharibie jina.

3. Askari wa geti ndo HR wako wa kwanza

Hii niliichukulia poa, na ilinikosti. Kuna hoteli nilifika nikamwambia askari "fungua, niko na barua ya meneja," bila hata salamu. Barua yangu sijui ililalia wapi.

Huku kwetu unaanza na salamu. Shikamoo mzee, habari za asubuhi, umeamkaje. Mwulize jina, mwambie lako. Mwulize ni idara gani imepungukiwa na mtu. Askari anajua nani amefutwa jana na mpishi gani amehamia Diani. Ukiwa na adabu, atakwambia siku ya kurudi, na atakwambia usiingie na slippers.

CV nayo iwe ukurasa mmoja. Jina, simu inayoshika, mahali unaishi, kazi umewahi kufanya, watu wawili wa kuulizwa kukuhusu. Hao watu waombe ruhusa kwanza. Hakuna aibu kama mzee amepigiwa simu akasema "huyo simjui."

Usiandike "mchapakazi, mwaminifu." Kila mtu ameandika hivyo. Andika "nimehudumia meza 12 kwa usiku mmoja kwa harusi," ama "nimeendesha tuktuk miaka miwili bila ajali." Kama ni kweli, lakini. Usijichoche.

4. Lugha ni cheti ambacho hakina karo

Malindi Kiitaliano kiko kila kona. Kuna wasee hawakumaliza darasa la nane lakini wanabonga Kiitaliano kuliko Kiingereza, na wamelisha familia nacho. Siri ni moja: jifunze kile cha kazi kwanza. Namba, vyakula, saa, bei, maelekezo, na "samahani, nitauliza." Ukiwa na maneno 200 ya jikoni na ya chumba, tayari umempita yule mwenye diploma anayetabasamu tu bila kuelewa ameombwa nini.

5. Huna cheti ila una mkono? Nenda NITA

Kama umejifunza ufundi mtaani, stima, mabomba, ujenzi, ushonaji ama magari, kuna mamlaka ya mafunzo ya viwanda inaitwa NITA. Wanafanya mtihani wa ufundi, grade ya tatu, ya pili na ya kwanza. Kitu wanapima ni kazi ya mkono wako, si miaka umekaa darasani. Unaanza na ya tatu, unapanda. Hiyo karatasi inabadilisha bei yako, manake fundi wa mtaani na fundi mwenye grade hawalipwi sawa.

Kama unalenga jikoni, jua mtu anayeshika chakula cha watu lazima apimwe afya ya umma na apewe cheti, na hurudiwa kila miezi sita. Ukifika ukiwa nacho tayari, umeonyesha unajua hii kazi.

6. Makaratasi: usiuze simu kabla upate mboka

Vitu vya lazima: kitambulisho, PIN ya KRA, NSSF, na SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hizo fanya mapema.

Lakini good conduct, CRB, HELB, EACC na wenzake? Wasee wengi hawajui kuwa sheria ya ajira ilibadilishwa 2022. Mwajiri hafai kukuitisha hizo clearance kama bado hajaamua kukupea kazi. Kwa hivyo usikope doo kuzitafuta zote ndo uombe nafasi ya kuosha vyombo. Na ukifika wakati wa kulipia huduma za serikali kwa eCitizen, paybill ni 222222. Mtu akikupea namba yake ya simu eti atakufanyia haraka, toka hapo.

7. Vile nilioshwa

Sasa ile ngiri mbili. Nilipata meseji: nimechaguliwa kazi ya hoteli, mshahara mtamu, chakula na malazi juu yao. Natakiwa nitume soo tano za fomu. Nikatuma. Kesho yake ngiri moja ya kupimwa afya. Nikatuma. Halafu soo tano za sare. Hiyo ya mwisho nilikopa kwa mathe, pesa yake ya kununua unga wa mahamri ya kuuza. Siku ya kuripoti nikaenda hadi getini na begi. Askari akaniangalia kwa huruma, akasema, "Wewe ni wa nne leo."

Mathe hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kazi ndo hukulipa." Hiyo ndo sheria nzima, na haina ada. Mwajiri wa ukweli hakuitishi pesa ndo akuajiri. Ukipata ujumbe kama huo, tafuta namba ya hoteli mwenyewe, piga ama nenda. Usipige ile namba iko kwa meseji.

Za Saudia, Qatar na Dubai ndo mbaya zaidi, manake huko unapotea na pasipoti. Kabla usaini chochote, angalia kama hilo shirika lina leseni ya National Employment Authority. Orodha iko kwa tovuti yao. Soma mkataba, acha nakala nyumbani, na mtu wa familia ajue jina la ajenti na mahali unaenda. Ajenti akikataa uonyeshe mkataba mtu wako, jibu ushapata.

8. Umepata? Usilale

Sheria ya ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu na zaidi inafaa kuwa na mkataba ulioandikwa. Majaribio yasizidi miezi sita, na yakiongezwa lazima ukubali, jumla isipite mwaka. Kibarua ukifanya mfululizo mwezi mzima, sheria haikuhesabu tena kama mtu wa kulipwa kwa siku. Angalia payslip: SHA ni 2.75%, nyumba 1.5%. Ikiwa unakatwa na kwa akaunti yako hakuna kitu, uliza. Ukizungushwa, afisi ya leba ya kaunti ipo na huendi kuomba msaada, unaenda kudai haki.

Na weka kitu kando. Sizoni huisha. Yule anayekula Agosti yote kama Mwitaliano, Mei huwa anakopa nauli ya tuktuk.

Mathe nilimrudishia ile soo tano Novemba, mshahara wa kwanza, kazi ya kupaka rangi. Askari ndo alinipigia simu.