Ujerumani, Nchi ya Majina Mlangoni

Ujerumani ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 357,000, kwa hiyo Tanzania yaweza kuimeza mara mbili na nafasi ikabaki. Ina watu wapatao milioni 84, majimbo 16 na majirani 9. Mji mkuu ni Berlin. Mito mikubwa ni Rhine, Elbe na Danube, na huu wa mwisho huanzia huko ukaishia Bahari Nyeusi. Majira ni manne, baridi ni baridi kweli, na mikate ina aina nyingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja. Habari za viwanda vya magari kila mtu anazo. Msomaji anayetaka zaidi ya hayo atayapata katika vitabu vya jiografia, maana kuyaongeza hapa ni kujaza ukurasa tu. Kitu ambacho vitabu hivyo havikitaji, nacho kinaieleza nchi hii kuliko mito yake yote, ni kisanduku cha barua.

Watu wengi mijini huishi katika majengo ya ghorofa, na zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi nzima ni wapangaji. Anwani ni jina la mtaa na namba ya jengo, basi. Kwa kawaida nyumba zilizomo ndani ya jengo hazina namba. Kinachomtofautisha mpangaji wa ghorofa ya pili na yule wa ghorofa ya nne ni jina lake la ukoo, lililobandikwa kwenye kengele ya mlango wa nje na kwenye kisanduku chake. Tarishi hamuulizi mtu. Akiliona jina, anatumbukiza barua; asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Na barua huko bado ni jambo zito. Kadi ya benki huja kwa posta, na namba yake ya siri hufuata katika barua nyingine, siku nyingine. Kadi ya bima ya afya huja hivyo hivyo, na namba ya mlipakodi, yenye tarakimu 11, nayo huja kwa posta. Mtu anaweza kuwa na viza, mkataba wa kazi na afya njema, lakini bila kile kibandiko kidogo akawa kama hayupo.

Nyuma ya kibandiko kuna sheria. Kila anayehamia katika nyumba, raia kwa mgeni, anatakiwa ndani ya wiki mbili ajiandikishe katika ofisi ya mji, jambo ambalo wenyewe huliita Anmeldung. Tangu Novemba 2015 lazima awe na hati iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli amehamia. Anayepuuza anaweza kutozwa faini hadi yuro 1,000. Hapo ndipo kazi na makao vinaposhikana. Uandikishaji huzaa namba ya kodi. Mwajiri akiikosa kwa muda mrefu, humkata mfanyakazi kodi ya mapato kwa daraja la 6, lililo zito kuliko yote, na ziada hurudishwa baadaye. Fomu huuliza pia dini, na si kwa udadisi: muumini wa Kikatoliki au wa kanisa kuu la Kiprotestanti hukatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kutegemea jimbo. Mlutheri wa Moshi anayejibu swali hilo kwa fahari aijue hesabu mapema. Na haipiti muda, kisanduku hupokea barua nyingine, ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata isiyo na televisheni.

Msomaji ataona urasimu mtupu. Mimi naona swali lililochaguliwa vizuri. Ofisi ya Mjerumani huanza na swali moja: unakaa wapi? Fomu ina nafasi ya uraia na mahali pa kuzaliwa, lakini hizo si tiketi ya kuandikishwa. Tiketi ni nyumba. Sisi huanza kwa kuuliza: kwenu wapi? Kitambulisho cha Kenya kwa miaka mingi kilibeba mgongoni wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo ya asili, hata kwa mtu aliyekulia Nairobi. Upande wetu wa Tanzania, mkazi wa Dar es Salaam wa miaka thelathini akiulizwa kwao hutaja Kibondo. Akihitaji kuthibitisha makazi, huenda kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, akapewa barua ya utambulisho ya jambo lile moja tu, na jambo la pili likija huanza upya. Mwaka 2022 tulifanya Operesheni ya Anwani za Makazi, vibao vikapigwa na mitaa ikapata majina. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini mwenye bodaboda aliyebeba mzigo bado anapiga simu mara tatu kuuliza ni upande gani wa mwembe. Tuna namba za nyumba tusizozitegemea kwa lolote, na hapo lawama si ya umaskini. Vivyo hivyo kwa kodi ya nyumba: sheria ya Kijerumani huzuia amana isizidi kodi ya miezi mitatu, nayo hulipika kwa mafungu matatu, ilhali kwetu kijana aliyepata kazi juzi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

Kuna atakayepinga kwamba daftari la wakazi ni jicho la serikali, na historia iko upande wake. Amri ya uandikishaji ya mwaka 1938 ilitolewa na utawala wa Wanazi, na madaftari ya wakazi yalisaidia kuwafikia Wayahudi majumbani mwao. Hoja hiyo haijibiwi kwa kusema nyakati zimebadilika. Inajibiwa na yale Wajerumani wenyewe waliyofanya: wananchi walipoipinga sensa, Mahakama ya Katiba iliamua, Desemba 1983, kwamba kila mtu ana haki ya kuamua habari zake zitumikeje, na sheria zikafuata mkondo huo. Daftari lilibaki, likafungwa hatamu. Sisi tunaogopa jicho la serikali, kisha tunasajili laini za simu kwa alama za vidole bila kuuliza alama hizo zinakwenda wapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwani linatoka ndani ya kibandiko chenyewe. Mwaka 2017 waandishi wa shirika la utangazaji la Bayerischer Rundfunk na jarida la Der Spiegel walituma maombi ya kupanga yapatayo 20,000 kwa majina ya kubuni, mengine ya Kijerumani na mengine ya kigeni. Wenye majina ya kigeni walialikwa kuona nyumba mara chache zaidi. Jina linalomfungulia mtu milango yote ndilo linalomfungia ule wa kwanza. Jambo hili lawahusu hasa Wakenya, ambao nchi yao ilitia saini na Ujerumani, Septemba 2024, makubaliano ya kupeleka wafanyakazi: mkataba wa kazi unaweza kusainiwa kabla ya safari, lakini nyumba hutafutwa kwa jina. Hapa sina utetezi. Utaratibu unaotegemea nyumba humwonea asiyepewa nyumba, na wapo wanaolala kwa jamaa miezi mingi bila sahihi ya mwenye nyumba, wakikatwa kodi ya daraja la 6.

Lakini angalia kinachotokea baada ya mlango huo mmoja. Mgeni akishaandikishwa, mwalimu mkuu, benki, bima na mwajiri hawamtaki mzee wa kumtambulisha. Mjumbe wa kwetu humjua mtu kwa sura, humjulia hali na kufika msibani. Kisanduku hakiwezi hayo, na jirani wa ghorofa ya nne huenda asijue kamwe mwenye jina anafananaje. Ila mjumbe akisafiri, barua husubiri arudi.