Miaka 16: Nyumbani Mwanaume, Kortini Mtoto

Desemba ikifika, kuanzia Njoro hadi Molo utawaona. Mashuka kiunoni, hatua za polepole, na kando yao jamaa mkubwa kidogo wa kuwatunza. Kidonda kikipona, mtoto wa miaka 14 anaambiwa, "Sasa wewe ni mwanaume." Januari mwanaume huyohuyo anavaa sare na kumwomba mamake nauli ya matatu.

Sasa, huyu ni nani? Mwili unasema yuko tayari; anaweza kuwa baba. Katiba ya 2010 inasema ni mtoto hadi afikishe miaka 18. Kitambulisho hana, kura hapigi.

Utata huu ulifika kortini kitambo. Mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kesi ya mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa kulala na msichana wa miaka 16. Aliuliza mbona wote wawili ni watoto ila yeye peke yake ndiye mshtakiwa. Ombi lake likatupwa. Mwaka 2019, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walisema umefika wakati wa nchi kujadili umri wa kukubali ngono, pengine ushuke hadi 16. Watu waliwaka! Sheria ikabaki ilivyokuwa.

Na ubongo je? Sehemu yake ya mbele, ile tunayoweza kuiita breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Si kwamba mtu wa 16 hana akili. Mpe hesabu akiwa ametulia, atakushangaza. Shida ni mihemko, na mabeshte. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wenzao walipokuwa wakitazama, matineja walijihatarisha zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Wenye miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana.

Sasa toa hiyo kompyuta, weka chumba cha rafiki pale Kaptembwa, Jumamosi, wazazi wako kazini. Breki itatoka wapi?

Bili mara nyingi humfikia msichana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takriban wasichana 15 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Anaamka akiitwa mama fulani, na mtaa mzima unamwambia, "Si ulitaka utu uzima?" Serikali ina sera ya kumrudisha shuleni, lakini sera haimbebei mtoto akienda darasani.

Mimi sisemi tushushe umri wala tuupandishe. Nasema hivi: yule mtunzaji wa jandoni huondoka kidonda kikipona, wakati ubongo bado una kama miaka kumi ya kazi. Kijana anahitaji mtu mzima wa kumuuliza maswali ya aibu bila kufokewa, hata baada ya Desemba. Binti naye, ambaye hakuwahi kupewa mtunzaji, anahitaji wake kabla ya mimba.

Wewe ulikuwa naye?