Msiguse Saruji: Upotevu wa Mjengo Uko Kwingine

Liwe limetoka Umoja, Kayole au Pipeline, hapa Eastlands ya Nairobi, swali ni lile lile: nikijenga kwa mbinu za Lean, yaani za kupunguza upotevu, nitaokoa mifuko mingapi ya saruji kwenye slabu? Hakuna hata mmoja. Limeulizwa mno, na kila mara nyuma yake imejificha imani kwamba kubana gharama ya mjengo ni kukata: saruji ipungue, ringi za nondo zitawanywe, fomu ifunguliwe mapema ili mbao zipande ghorofa ya juu. Wapo makontrakta wanaowauzia wenye ploti imani hii kama utaalamu wa kisasa. Ni ubahili wa kale, na gharama yake hulipwa na wapangaji.

Tupige hesabu. Tangu Duff Abrams achapishe utafiti wake mwaka 1918, inajulikana kwamba nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukikorogwa kwa lita 25 za maji, uwiano ni 0.5. Toa kilo 10 uache maji yale yale, uwiano unapanda hadi 0.625 na nguvu inashuka. Mjengoni hali huwa mbaya zaidi, maana zege lililopungukiwa saruji husumbua koleo, na mtu wa mkono hulilainisha kwa kuongeza maji. Kufungua fomu mapema ni kosa la ukoo huo huo. Nguvu ya zege kwa kawaida huhukumiwa siku ya 28. Siku ya saba zege huwa limefika kama thuluthi mbili tu ya nguvu hiyo, na saruji yenye pozolana, inayouzwa kwa wingi madukani, hukomaa polepole zaidi. Hakuna mbinu ya usimamizi inayoweza kuiharakisha kemia hiyo. Eastlands imezika watu Huruma mwezi Aprili 2016, jengo lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 40, ikazika tena Tassia mwezi Desemba 2019. Katika mji wenye kumbukumbu hizo, kuuliza saruji ipunguzwe kiasi gani ni jambo la kuudhi.

Lean yenyewe hutazama kwingine. Mtafiti Lauri Koskela, alipoihamishia fikra hiyo ya viwanda vya Toyota kwenye ujenzi katika ripoti yake ya mwaka 1992 aliyoiandika Chuo Kikuu cha Stanford, hakulenga uimara wa jengo. Alitazama yale yanayotokea kati ya kazi na kazi: kusubiri, kubeba, kukagua, kurudia. Watafiti wenzake Glenn Ballard na Greg Howell wakaja kulinganisha kazi zilizoahidiwa kwa wiki na zile zilizokamilika, wakakuta zinazotimia ni zaidi kidogo tu ya nusu. Karibu na kwetu, Henry Alinaitwe na wenzake waliochunguza tija ya mafundi nchini Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliweka juu kabisa ya orodha ya matatizo wasimamizi wasioiweza kazi, upungufu wa ujuzi, kazi kurudiwa na uhaba wa zana za kazi. Itazameni siku ya kumwaga slabu kwenye ploti iliyobanwa ya Pipeline. Lori halipiti, linamwaga balasti barabarani. Inabebwa kwa karai hadi getini, halafu inabebwa tena hadi kwenye mashine ya kukoroga. Vibarua 20 wakikaa saa mbili kungoja mchanga, zimekwenda saa 40, yaani siku tano za kazi za mtu mmoja, na jioni wote wanalipwa. Baadaye plasta inapakwa, fundi wa umeme anafika, ukuta unatobolewa upya. Fedha inavuja hapo, na haimo ndani ya mfuko wa saruji.

Kuna pingamizi la maana: mwenye ploti wa Eastlands hujenga kwa hela zinazokuja vipande vipande, kwa hiyo kuleta kila kitu kwa wakati wake ni ndoto. Ni kweli, ni vigumu. Alinaitwe mwenyewe, katika utafiti wa mwaka 2009 kuhusu vizuizi vya Lean nchini Uganda, aliona kizuizi kizito zaidi ni hicho hicho, vifaa kupatikana wakati hasa vinapohitajika. Lakini anayeibiwa zaidi na kusubiri ni huyu huyu mwenye hela za slabu moja, kwa kuwa hana akiba ya kulipia siku iliyopotea. Afadhali achelewe kuanza akiwa na kila kitu, kuliko kuita watu asubuhi huku nondo bado ziko dukani. Wengine husema majengo ya Pipeline tayari hupanda kwa kasi, Lean itaongeza nini? Kasi iliyopatikana kwa kuruka vipimo ni deni, na litalipwa kwa kubomoa na kurudia, au kwa roho za watu.

Ya kufanya hayahitaji mshauri wa bei ghali. Kila Jumamosi waketi msimamizi, fundi wa mawe, wa nondo, wa bomba na wa umeme, kila mmoja aseme mwenyewe atamaliza nini wiki ijayo. Wiki sita za mbele zikaguliwe: ramani, vibali, hela, vifaa, maji. Kazi isiyo na vyote isiingizwe kwenye ahadi. Jumamosi inayofuata hesabuni ahadi zilizotimia, andikeni sababu za zilizokwama, shughulikieni sababu inayojirudia. Tengeni mahali pa balasti kabla lori halijafika. Mabomba na njia za nyaya zitangulie plasta. Vipande vya zege vipelekwe maabara, na fomu ya slabu ifunguliwe injinia akishasema, hata kama mbao zinangojwa ghorofa ya juu.